Barua Saba Zilizokataa Kutoka

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao chini ya dirisha la duka la kuchapa, kwenye kona ambapo barabara mbili zinakutana na hakuna dereva anayempisha mwenzake. Juu yetu, ghorofani, ni ofisi ya bima. Mimi nashona viatu mwisho wa benchi, na haki ya nani sipendi kusimulia mambo ya watu, ila hili likiendelea kukaa kifuani litanipasua. Pembeni yangu hukaa Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, akibeba mafaili ya wengine mpaka lugha ya mafaili ikamwingia mwilini. Anayefuata ni Antena, fundi redio, mtu ambaye hatujawahi kumsikia akisema "sijui". Bi Birika ndiye anayetuuzia kahawa na kutukatiza. Na Ijumaa ninayoisema, kule mwisho wa pili, ameinama, viwiko juu ya magoti, alikaa Randa, seremala wetu, ambaye mkewe alikuwa amemhama.

Kisa chenyewe ni cha aibu, na nitakisema kama kilivyo. Randa anatengeneza milango. Milango ya mtaa huu karibu yote ni kazi ya mikono yake, pamoja na ule wa ofisi ya bima, ambao mkewe anaufungua kila asubuhi kwa sababu ni karani humo. Lakini bafu la nyumbani kwao lilikuwa na pazia. Miaka minne, pazia. Mke akiuliza, Randa anajibu kesho. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutembea, akaingia kuoga, upepo ukavuma, na waliokuwa sebuleni wakaona ambacho mkwe hatakiwi kukiona maishani. Mke hakugomba. Alifungasha nguo zake, akaenda kwa kaka yake, na lile pazia akaondoka nalo.

Sasa Ijumaa hiyo asubuhi Bi Birika alituletea habari. Yeye hupandisha kahawa ofisini kila siku saa sita na nusu, na wanawake wa huko humwambia mambo. Alisema mke wa Randa ameomba kuhamia tawi la mji mwingine. Fomu iko mezani kwake, bado saini tu, na meneja atazikusanya fomu saa saba mchana huo. Randa mwenyewe hawezi kupanda ngazi kwa sababu mlinzi ameshaambiwa, na simu zake hazipokelewi. Mke alikuwa amesema neno moja tu: kama mume wangu ana la kusema, aliandike nilisome, maana ya mdomoni nimeyasikia miaka minne.

Hakimu akatamka palepale kwamba barua ya ndoa haiandikwi kwa kalamu kama orodha ya sokoni, inachapwa. Akakaa, akaitunga yeye mwenyewe, kila baada ya sentensi akimuuliza Randa kama anakubali, na Randa akiitikia kwa kichwa. Mpango ulikuwa mwepesi: Dada Chapa, mwenye duka, aichape, tuitie bahasha, Bi Birika aipandishe na birika saa sita na nusu. Ilikuwa saa nne. Muda ulitosha kuandika hata kitabu.

Shida ni kompyuta ya Dada Chapa. Ilikuwa imeugua juzi yake, fundi wa kompyuta akaja akaitibu, lakini aliiacha bila picha wala mshale wa kubonyezea. Uso mweusi, maandishi meupe, basi. Alisema sura yake ya kawaida ataileta Jumatatu. Akabandika ukutani karatasi yenye maneno matatu ya kuamrishia: moja la kutuma kazi kwenye printa, moja la kuuliza kazi imefikia wapi, ambalo ni lpstat, na moja la kufuta. Dada Chapa ni mtu makini, hapotezi maneno. Akaiandika barua ya Hakimu herufi kwa herufi, akaituma, akatusomea dirishani kilichojibiwa.

— Inasema ombi limepokelewa. Namba yake PR2-31. Faili moja.

Tukasubiri mlio. Printa tunaiona, iko mezani, taa ya kijani inawaka, karatasi imejaa. Haikutikisika.

— Hebu iulize, Antena alisema.

Dada Chapa akaandika lpstat, akabonyeza. Mashine haikusema ndiyo, haikusema hapana, haikusema subiri. Kale kamstari keupe ka kuonyesha pa kuandikia kakarudi pembeni kakaendelea kupepesa.

— Imesemaje?

— Haikusema.

— Umeiuliza vizuri?

— Nimeiuliza kama ilivyoandikwa ukutani.

Randa akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Ndivyo alivyoanza na mke wangu, alisema. Nauliza kuna nini, kimya. Nauliza tena, kimya. Nikadhani mambo yameisha.

Hakimu akamtuliza kwamba mahakamani mtu akinyamaza maana yake hana pingamizi, tena wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo tukae mkao wa kusikia mshindo. Tukakaa. Nikashona soli mbili nzima. Mshindo haukuja.

Bi Birika ndiye aliyefikiria jambo la akili kwanza. Aliomba asomewe barua. Dada Chapa akasoma: *Yah: Maombi ya Kurejeshwa kwa Mke katika Makazi ya Awali. Mwombaji, ambaye humu ataitwa Mume, anaeleza kwa heshima kwamba Mjibu Maombi, ambaye humu ataitwa Mke, aliondoka katika makazi tajwa akiwa na mali isiyohamishika, yaani pazia.*

— Haina salamu, Bi Birika alisema. Mtu unamwandikia mkeo hata hujambo hakuna. Mimi mwenyewe ningenyamaza.

Hilo tuliliona lina uzito. Dada Chapa akaongeza salamu: kwa mke, kwa kaka wa mke, kwa mama mkwe (hapo Randa aliinama zaidi), kwa shangazi zake watatu, na kwa wote wanaomfahamu. Zikawa mistari minane. Akatuma. Ikajibu imepokea, PR2-32. Akauliza kwa lpstat. Kimya. Printa imekaa na taa yake ya kijani inatutazama.

Antena alikuwa amesubiri nafasi hii. Akasogea dirishani, akakunja mikono kifuani kama anavyofanya akitaka kumwambia mtu kwamba redio yake haitapona.

— Hebu nisaidieni. Imeandika PR ngapi?

— Mbili, Dada Chapa alisema.

— Na mashine hapo mezani ni ngapi?

— Moja.

— Basi. Ya pili iko wapi?

Antena akaeleza kwamba printa tunayoiona ni bati tu la nje, la kupendeza wateja. Ndani yake imekaa nyingine, ndogo, ndiyo yenye kazi, na hiyo ndogo huenda imezirai. Dawa ni kuifungua. Dada Chapa akasema hafungui kitu ambacho juzi tu kimeshikwa na fundi. Antena akamkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Nikaona Randa ameshtuka. Tangu mambo ya pazia, methali hiyo hataki kuisikia.

Wakafungua. Walikuta kifuniko cha kalamu, mdudu nondo aliyekauka na vumbi. Printa ndogo haikuwemo. Antena hakuyumba, akasema imejificha, na akatuonyesha yule nondo kama ushahidi.

Hapo Hakimu akaona amepokonywa kesi yake. Akasema Antena anaelewa nyaya lakini haelewi taratibu. Ile mbili, alisema, ni daraja. Shauri limepita daraja la kwanza, ndiyo maana limepokelewa na kupewa namba. Sasa liko daraja la pili, na huko hakuna barua inayosikilizwa bila mashahidi. Na ile thelathini na moja, thelathini na mbili, mnadhani ni namba tu? Ni makosa ya mume yanahesabiwa. Randa akauliza kwa sauti ndogo kama kweli yamefika thelathini na mbili. Hakimu akamwambia hayo ni yaliyothibitishwa.

Basi ikaandikwa barua ya tatu, na chini yake sisi mashahidi: Hakimu, tarishi mstaafu, Antena, mtaalamu, Bi Birika, mfanyabiashara, na mimi, fundi viatu, mtu wa karibu. PR2-33. Imepokelewa. Lpstat. Kimya.

Ilikuwa imegonga saa tano na robo, na nikaona mikono ya Randa inatafuta kitu cha kushika. Aliokota kipande cha mbao chini, akaanza kukipapasa ukingo kwa kidole gumba kama anavyopima ulaini. Nikamwambia kwa upole asihofu, penye wazee haliharibiki neno. Akaniangalia muda mrefu kidogo. Sasa hivi nikikumbuka namna alivyoniangalia, nasikia vibaya.

Dada Chapa akapendekeza tutumie neno la tatu la ukutani, la kufuta, tuzifute zote tatu tuanze upya. Aliyekataa kwanza ni Hakimu: shauri haliondolewi bila kumjulisha mlalamikaji. Antena naye akakataa, akasema ukifuta maneno yakiwa njiani yanageuka njia na kumrudia aliyeyatuma, na ameshaona mtu amepata uziwi kwa ajili hiyo. Dada Chapa akajaribu hivyohivyo, akiandika amri ya kufuta na namba ya barua ya kwanza. Ikamjibu kwamba kazi hiyo imeshakamilika, haifutiki.

— Imekamilika wapi? aliuliza, na nilimsikia kwa mara ya kwanza amepandisha sauti.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kufikiri, nakiri. Kama mmoja wetu angelichukua swali lile akalitafuna taratibu, mambo yangeishia hapo. Lakini Bi Birika alikuwa ameshaanza kusema kwamba tatizo ni ukavu. Barua ina sheria, ina salamu, ina mashahidi, ila haina utamu, na mkono mtupu haulambwi. Akasimama na birika mkononi, akamwimbia Dada Chapa mistari miwili ya kutia mwishoni:

*Kitanda nimekitengeneza, mito imebaki kulia,*
*Chai naipika bila sukari, sukari umeondokea.*

Antena akauliza sukari ameiondokea nani, na kama pazia halikutosha kuchukuliwa, sasa na sukari. Bi Birika akamwambia ndiyo maana hajaoa. PR2-34 ikaenda na ushairi wake. Kimya.

Sasa tulianza kuchoka, na mtu aliyechoka husema ovyo. Antena alikuwa amekaa dakika kumi bila nadharia, kitu kigeni kwake, halafu akapiga paja.

— Tumeikosea.

— Nani?

— Mashine. Tumeifungua mbele za watu. Mwanamume mzima, mimi, nimeichungulia ndani bila hodi. Ingekuwa wewe ungejibu?

Ningetamani kusema tulimcheka. Hatukumcheka. Hakimu alifikiri, akasema hoja ina msingi, kwamba aliyedhalilishwa huombwa radhi kwanza ndipo ahudumie, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano. Dada Chapa akaandika, na mimi nikimtazama usoni sikuona dalili ya mzaha, aliandika kwa unadhifu uleule:

*Mpenzi Mashine. Tunakuomba msamaha kwa kukufunulia kifuniko hadharani. Haikuwa nia yetu kukuona ulivyo. Tangu umenyamaza hatuna raha. Tunaahidi kutokugusa tena bila idhini yako. Tafadhali toa barua ya bwana huyu. Wako katika mateso, Randa.*

— Kwa nini jina langu? Randa aliuliza.

— Wewe ndiye mwenye shida, Hakimu alimwambia.

PR2-35. Imepokelewa. Tukaiuliza kwa lpstat, mara hii Dada Chapa akibonyeza taratibu kwa kidole kimoja, kwa adabu. Ilinyamaza kuliko zamani zote, kama kimya kina kuzidiana.

Hapa nataka nijitetee. Mimi sikuwa na nadharia. Mimi ni mtu wa vitendo, na nilichokiona ni kwamba barua zote zilikuwa ndefu, na mashine, kama mguu, ukiibana sana inavimba. Nikasema iandikwe fupi. Nikapewa nafasi. Nikasema: *Mke wangu, rudi. Viatu vyako vya kahawia viko tayari tangu mwezi jana, vinachukua nafasi.* Bi Birika akaniuliza viatu vinahusiana nini na ndoa ya Randa. Nikamwambia vinahusiana na ukweli. Na kweli vilikuwa vinachukua nafasi. PR2-36, na jibu lake mnalijua.

Saa sita na dakika ishirini Bi Birika akaanza kujaza birika la ghorofani. Hakuna karatasi hata moja. Randa alisimama, akakaa, akasimama tena. Akasema anapanda mwenyewe, mlinzi afanye analotaka. Tukamkalisha. Hakimu akamwambia haraka haraka haina baraka, wakati saa ya ukutani ya Dada Chapa inasomeka na kila mtu. Antena akasema imebaki njia moja, kuituma yote kwa pamoja kwa nguvu, mashine ichague inachokipenda. Ndipo ikatoka barua ya saba: sheria, salamu, mashahidi, ushairi, radhi kwa mashine na viatu vyangu, kurasa nne. PR2-37. Imepokelewa. Bi Birika akapandisha kahawa bila bahasha, na Randa akamfuata kwa macho mpaka kona ya ngazi.

Kilichofuata sijui nikieleze vipi. Antena alikwenda kibandani kwake akarudi na redio. Alisema kitu kikipokelewa na kisitoke, basi kimegeuka hewa, na hewa yeye ndiyo kazi yake. Akavuta waya, akausimamisha karibu na dirisha, akazungusha kitufe mpaka mahali ambapo hakuna stesheni. Ikatoka ile sauti ya mafuta yanayokaanga.

— Hizo ndizo herufi, alisema.

Hakimu akatega sikio. Akasema anasikia neno "tajwa". Mimi, nisije nikaonekana mjinga, nikasema nimesikia kama "kahawia". Dada Chapa alikuwa ameegemea dirisha ameshika shavu, anaandika lpstat, anabonyeza, anaandika tena, anabonyeza. Wanaume watatu wazima na redio isiyo na stesheni, na mwenzetu pembeni anapoteza mke kwa dakika. Randa hakusikiliza redio. Alikuwa ametoa penseli nyuma ya sikio, ile ya kuwekea alama mbao, akaishika tu.

Bi Birika alirudi mapema kuliko kawaida yake. Tukamuuliza kama fomu imesainiwa. Akasema hakupata hata nafasi ya kuona, watu wote wamekusanyika pembeni ya dirisha kule ndani, meneja katikati, wanacheka mpaka wanafuta machozi, na kahawa yake wameiacha ipoe. Mke wa Randa peke yake ndiye hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa mezani kwake, anasoma.

— Anasoma nini? nikauliza.

Bi Birika alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka.

Mwezi mzima mke wa Randa alikuwa akipita mlango wa nyuma ili asituone. Sasa alikuwa amesimama mbele ya benchi, sketi ya ofisini, kalamu kwenye mfuko wa blauzi, mkono wa kushoto ameshika rundo la karatasi na mkono wa kulia ameshika moja peke yake. Tangu amhame Randa sikuwa nimemwona karibu hivyo. Tulisimama wote kumpisha, kama tumeingiliwa na mkaguzi. Randa peke yake alibaki amekaa.

Akatuamkia mmoja mmoja, kwa heshima, Hakimu kwanza. Halafu akamwambia Dada Chapa kwamba huyo fundi wa kompyuta ni wa kwao pia, na waya wa mtandao si wanachangia, juu na chini? Basi alipoitibu kompyuta ya chini aliielekeza kwenye printa ya juu. Printa ya pili ni ya ofisi ya bima. Imekaa pembeni ya meza yake. Tangu saa nne imekuwa ikilia na kutoa barua.

— Lakini kila tukiiuliza ilinyamaza, Dada Chapa alisema.

— Ikinyamaza ina maana haina kilichobaki. Imeshafikisha.

Antena akainama akazima redio.

Mke akaanza kuzipanga zile karatasi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema ya kwanza alidhani ni ya mahakama. Ya pili aliisoma salamu mpaka kwa shangazi ambaye alikufa. Ya tatu meneja aliiwahi kabla yake, akawasomea wafanyakazi majina ya mashahidi. Ya nne kuna mtu ameshaanza kuiimba huko juu. Ya tano ilimfanya aangalie ile printa vibaya. Kuhusu ya sita alinigeukia mimi, akasema atavifuata viatu jioni. Ya saba hakuimaliza.

Kisha akamkabili mumewe. Randa alikuwa amemwangalia muda wote huo, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeamshwa.

— Ziko saba, mke alisema. Nimezisoma zote, nikarudia. Ipi umeiandika wewe?

Hakimu alivuta pumzi ya kuanza kujibu. Nikamkanyaga mguu, na mimi najua mahali pa kukanyaga. Antena alitazama barabarani. Bi Birika alishika kifuniko cha birika. Nilijaribu kutafuta mstari mmoja, hata mmoja, ambao ulitoka kwa Randa kwenye zile kurasa zote, na sikuupata. Kila kitu kilikuwa chetu. Yeye tulimuuliza tu kama anakubali.

Randa akaigeuza ile penseli mkononi. Akasema:

— Hakuna.

— Hakuna hata moja?

— Hakuna. Nimekaa hapa.

Mke akaitikia polepole. Akazikunja zile saba, akampa Dada Chapa dirishani, akabaki na ile karatasi moja ya mkono wa kulia. Niliiona upande wa juu, ndiyo ile fomu ya kuhama, ina mistari na visanduku, jina la mji na jina lake, na chini pale pa saini pako wazi. Akatazama saa. Zilibaki dakika kumi na moja.

Akaigeuza, upande mweupe juu, akailaza kwenye benchi mbele ya mumewe.

— Andika, alisema.

Randa akainamia ile karatasi na penseli yake. Aliandika neno, akasita, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, kwanza Hakimu, halafu Antena, halafu mimi. Hakuna aliyemsaidia, akarudi kwenye karatasi akaendelea mwenyewe.